Kanari Huanguka Kwanza: Ndege wa Vitabuni na Riwaya za Kurt Vonnegut

Ndugu wasomaji, waandishi wenzangu na wafasiri mliofika,

Februari 1969 Kurt Vonnegut, mwandishi wa Marekani wa riwaya za tashtiti, yaani za kuikejeli jamii, alihutubia wanafizikia mjini New York. Alijiuliza mbele yao sanaa ina faida gani kwa watu, na jibu lake likawa ndege. Alisema msanii ni kama kanari aliyeshushwa mgodini: mwili wake huhisi sumu upesi mno, kwa hiyo huzirai na kuanguka wakati wenye miili mikubwa hawajagundua lolote. Mfano huo umerudiwa hadi umechakaa, na wengi wanaourudia hawajui ndege yule alifanya kazi gani hasa chini ya ardhi. Ninachotaka leo ni kuurudishia uzito wake. Tumwangalie ndege mwenyewe, tundu lake, waandishi waliomtumia vizuri, kisha tumfikie Vonnegut.

Nianze na jina, kwa kuwa wafasiri wamo humu. Kanari wa porini anatoka Visiwa vya Kanari, Madeira na Azores. Ndege ndiye aliyeitwa kwa jina la visiwa, na jina la visiwa linahusishwa na neno la Kilatini la mbwa, si la ndege. Sisi tuna neno chiriku, linalowabeba na ndugu zake wa porini, lakini chiriku kwetu ni pia mtu asiyefunga mdomo. Hapo ndipo mfasiri anapaswa kuchagua. Katika hadithi za majambazi wa Marekani, ambako mtu anayewataja wenzake kwa polisi huitwa kwa jina la ndege huyu, chiriku linakaa vizuri kuliko neno lolote la kukopa. Katika habari za mgodini linaharibu, kwa sababu kule kilichotazamwa ni mwili wa ndege kijitini, wala si kelele zake. Mgodini mwiteni kanari.

Mambo machache ya ndege mwenyewe, kwa wanaotaka kumwandika. Ana urefu wa sentimita 13 hivi na uzito wa gramu 20 au pungufu. Wa porini ni wa kijani chenye michirizi ya kijivu. Njano tuliyoizoea imetokana na karne za kuzalishwa matunduni. Anayeimba ni dume. Jike hutoa milio mifupi, na akiimba huwa ni kwa nadra na kwa udhaifu. Dume huimba zaidi akiwa peke yake, ndiyo maana wafugaji wa kanari wa kuimba huwatenga madume kila mmoja na tundu lake. Wakati wa kunyonyoka manyoya, mwishoni mwa kiangazi cha nchi za kaskazini, hunyamaza kwa wiki sita hadi nane. Jike hutaga mara nyingi mayai manne na kuyaatamia siku 13 au 14. Mwandishi anayemweka kanari wa kike akiimba asubuhi hadi jioni katikati ya kunyonyoka manyoya atapoteza imani ya kila mfugaji atakayemsoma, na akishaipoteza kwenye ndege, haipati tena kwenye mauaji yaliyofuata.

Hugh Lofting aliliona tatizo hili akalifanyia kazi. Pippinella, kanari wa kijani katika vitabu vyake vya Doctor Dolittle, ni jike anayeimba, na Lofting hakuliacha jambo hilo lipite kimyakimya: anamfanya ndege mwenyewe aeleze kwamba majike hawakutiwa moyo tu, si kwamba hawawezi. Kanuni imevunjwa waziwazi, na msomaji amepewa sababu. Pippinella huyohuyo hupelekwa pia mgodini. Hivi ni vitabu vya watoto, lakini mwandishi amemheshimu ndege kuliko watunzi wengi wa vitabu vya watu wazima.

Sasa tushuke mgodini, na hapa nitakaa kidogo.

Januari 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales, ulilipuka na kuua watu 57. John Scott Haldane, mwanafiziolojia kutoka Uskoti, alichunguza maiti akakuta kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko wenyewe. Waliuawa na kaboni monoksaidi, gesi inayoachwa na mlipuko au moto. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ikiingia kwenye damu hushikamana na hemoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini viti vyote vimeshakaliwa na abiria asiye na faida. Mtu aliyekufa hivyo haonyeshi jeraha. Ngozi yake huwa na wekundu, kana kwamba ana afya. Naomba mkumbuke jambo hili la maiti zisizo na jeraha, kwa kuwa tutalirudia.

Haldane alishauri wachimbaji washuke na mnyama mdogo mwenye damu moto. Mwili mdogo unavuta hewa kwa kasi na unachoma chakula kwa kasi, kwa hiyo damu yake hujaa sumu mapema kuliko ya mtu aliyesimama palepale. Panya wadogo walitumika pia, lakini panya akianza kuugua hujikunja pembeni, na ni vigumu kujua kama amelala au amelewa sumu. Kanari amesimama kijitini, na akilegea miguu unaona. Tena mapafu ya ndege yana mifuko ya hewa inayofanya hewa mpya ipite kwenye pafu anapovuta pumzi na anapoitoa. Anakunywa hewa mara mbili pale ambapo sisi tunakunywa mara moja, na sumu vilevile. Marekani nayo, ilipounda Bureau of Mines, idara yake ya migodi, mwaka 1910, ikampendelea kanari.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mara nyingi aliyembeba ndege alikuwa mtu wa kikosi cha uokoaji, akiingia baada ya mlipuko au moto, wakati hakuna ajuaye hewa ikoje mbele. Matundu mengi yalikuwa ya kawaida tu, lakini lile bora zaidi lilikuwa kisanduku chenye kuta za kioo na mlango wa duara upande mmoja. Nyuma ya mlango kuna wavu wa chuma, ili hewa ya mgodi iingie na ndege asitoke. Juu ya kisanduku umelazwa mtungi mdogo wa oksijeni wenye vali. Mtu anatembea mlango ukiwa wazi, macho yake yakimrudia ndege kila hatua chache. Ndege akitetemeka, akipepesuka, akianguka sakafuni mwa tundu, mambo matatu hufanywa kwa haraka: mlango wa duara unafungwa, vali inafunguliwa oksijeni ijaze kisanduku, na watu wanageuka kurudi au wanavaa vifaa vya kupumulia. Ndege huzinduka. Siku nyingine anashuka tena.

Uingereza iliwatumia rasmi tangu 1911 hadi mwisho wa 1986, walipoamuliwa wapumzike zaidi ya kanari 200 na nafasi yao ikachukuliwa na vipimo vya kielektroniki.

Kutokana na maelezo hayo mtaona makosa matatu yanayojirudia vitabuni. La kwanza ni kumpa kanari kazi ya kutambua methani, gesi ya migodini inayolipuka. Methani ilipimwa kwa taa ya usalama, aina ya ile aliyoibuni Humphry Davy mwaka 1815: mwali wake huvaa utando wa buluu gesi hiyo inapokuwepo. Upungufu wa oksijeni pia ulionyeshwa na taa, kwani mwali huzimika oksijeni ikishuka hadi asilimia 16 au 17 hivi. Mgodini taa na ndege walikuwa na zamu tofauti, na mwandishi anayewachanganya amewaua wahusika wake kwa gesi isiyo yao. Kosa la pili ni kumfanya ndege apige kelele ya onyo. Hakuna kelele. Kanari hajui kuna hatari, hatabiri chochote; mwili wake tu umeumbwa kulemewa mapema. Kosa la tatu ni kumuua kila mara. Chombo chenye mtungi wa oksijeni hakikutengenezwa kwa ajili ya ndege wa kutupwa.

Na kuna jambo la nne, ambalo si kosa bali ni pengo: waandishi husahau aliyeshika tundu. Ndege aliyeanguka gizani bila jicho la mtu hajamwokoa yeyote. Vonnegut hakulisahau. Katika hotuba ileile ya 1969, baada ya kutoa mfano wake, aliongeza kwamba wasanii huanguka kwa maelfu kila siku na hakuna anayeonekana kujali hata kidogo. Wanaonukuu mfano huo huiacha sehemu hii, nami naona ndiyo iliyobeba uzito wote.

Kabla ya kumrudia, tuwapitie wengine. Katika *Bleak House* ya Charles Dickens, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1852 na 1853, kuna Boythorn, bwana mkubwa mwenye sauti ya radi, anayetishia kuwaponda maadui zake huku kanari mdogo ametulia kichwani pake. Dickens hahitaji kumweleza zaidi mtu huyo. Ndege hashtuki, nasi tunajua vitisho vyote ni upepo. Miaka michache baadaye Wilkie Collins, katika *The Woman in White*, alimpa Count Fosco, mwovu wa riwaya hiyo, kanari pamoja na panya weupe. Anawaamuru kanari wapande vidole vyake vinene kimoja baada ya kingine kama ngazi, nao wanapanda. Upole uleule wa ndege sasa unatisha, kwa kuwa mtu anayeweza kumfundisha ndege utii wa namna hiyo anaweza kumfanyia vivyo hivyo mke wa mtu. *The Canary Murder Case* ya S. S. Van Dine, ya 1927, haina haja ya kutuchelewesha: kanari wa humo ni mwanamke aliyepewa jina hilo kwa mambo ya jukwaani, na anayekinunua akitafuta ndege hatampata.

Kwa ufundi wa kumtumia ndege, hakuna anayemzidi Susan Glaspell. Tamthilia yake *Trifles* ya 1916, ambayo mwaka uliofuata aliigeuza hadithi fupi, ilitokana na kesi ya mauaji huko Iowa, Marekani, aliyoiripoti akiwa mwandishi wa gazeti. Mume amenyongwa kwa kamba kitandani. Wanaume wa sheria wanapanda ghorofani kutafuta sababu; wanawake wawili wanabaki jikoni. Angalieni mpangilio wa vitu. Kwanza ni kipande cha ushonaji ambacho mishono yake, iliyokuwa imenyooka, imevurugika ghafla. Kisha tundu tupu la ndege. Kisha bawaba ya mlango wa tundu, iliyovunjwa kwa nguvu. Mwisho ni kisanduku kizuri ndani ya kikapu cha ushonaji, na humo, ndani ya kitambaa cha hariri, kanari aliyesongolewa shingo. Hakuna anayetamka maana yake. Msomaji anaunganisha shingo na shingo mwenyewe. Wanaume wakiuliza ndege yuko wapi, jibu ni kwamba labda paka amemla, na nyumba ile haina paka. Mwandishi chipukizi akitaka kujifunza namna ya kuweka ushahidi, achukue tamthilia hii fupi na kuandika pembeni kila kitu kinachoonekana na mstari kinapoonekana.

Katherine Mansfield alifanya kinyume. Katika hadithi yake ya kanari, ya mwisho aliyoikamilisha, Julai 1922, miezi sita kabla ya kifo chake, ndege hayupo tangu mwanzo. Uliopo ni msumari mkubwa upande wa kulia wa mlango, ambapo tundu lilikuwa likitundikwa. Mwanamke mpweke anausimulia, na kanari anarudi kwa vitendo vidogo: anaruka kijiti hadi kijiti, anagonga vyuma, anakunywa tone la maji kama mwimbaji wa kazi, ndipo anaimba. Huwezi kuandika hivyo bila kumtazama kanari kwa saa nyingi. Kugonga vyuma peke yake kunatosha kumfufua.

Sasa Vonnegut. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1922, akafariki New York mwaka 2007, akiacha riwaya 14. Anayetafuta kanari kwenye rafu yake atakutana kwanza na *Canary in a Cat House*, mkusanyiko wa hadithi 12 uliotoka 1961 kwa jalada jepesi. Tahadhari kwa wanunuzi: haina hadithi yenye jina hilo. Jina la kitabu ni picha ya hali, ndege kati ya paka, na kwa Kiingereza cha mitaani cha Marekani nyumba ya paka ni pia danguro. Mfasiri atalazimika kuipoteza moja ya maana hizo. Kitabu hicho ni adimu, na hakuna sababu ya kujiumiza kukitafuta isipokuwa unakusanya matoleo ya kwanza. Hadithi 11 kati ya 12 zilichapishwa tena katika *Welcome to the Monkey House* ya 1968. Ile moja iliyoachwa, ya Hal Irwin na taa yake ya ajabu, ilirudi mwaka 1999 katika *Bagombo Snuff Box*, lakini Vonnegut alikuwa ameiandika upya. Anayetaka umbo la awali ndiye pekee anayehitaji kitabu cha 1961.

Je, alianguka mapema kama alivyodai wasanii huanguka? Nasema ndiyo, na ushahidi upo. Mwisho wa miaka ya 1940 alifanya kazi ya uhusiano katika kampuni ya General Electric huko Schenectady, akaona mashine ikikata vipande vya rota za injini bila mkono wa fundi. Riwaya yake ya kwanza, *Player Piano* ya 1952, inawaonyesha mafundi waliobaki na mishahara na vyumba, bila kazi ya maana ya kufanya. Wakati huo mitambo ilikuwa ikisherehekewa. *Cat's Cradle* ya 1963 inakwenda mbali zaidi, na naomba tuitazame kwa karibu. Jenerali amechoshwa na matope yanayowakwamisha askari. Anamwomba mwanasayansi dawa ya matope, basi. Mwanasayansi anawaza aina mpya ya barafu ambayo kiwango chake cha kuyeyuka ni nyuzi 114.4 za Fahrenheit, yaani karibu 46 za Selsiasi, na ambayo punje yake moja huyafundisha maji yote inayoyagusa kuganda vilevile. Ombi lilikuwa dogo na la kiungwana. Lakini matope yamegusana na kijito, kijito na mto, mto na bahari. Tashtiti ya Vonnegut hukaa hapo: hakuna mhusika mwovu aliyekusudia mwisho wa dunia, kila mmoja alijibu swali aliloulizwa. Chuo Kikuu cha Chicago kiliikubali riwaya hiyo mwaka 1971 kuwa tasnifu yake ya anthropolojia.

Wengi humsoma Vonnegut kwa haraka kwa kuwa sura zake ni fupi. *Cat's Cradle* ina sura 127. Msifanye hivyo. Sura fupi ni kama hatua za mwenye tundu. Kila moja inaishia pale anaposimama kumtazama ndege.

Na sasa zile maiti zisizo na jeraha. Februari 1945 Vonnegut alikuwa mfungwa wa vita mjini Dresden, Ujerumani, amefungiwa kwenye jengo namba tano la machinjio. Mji ulipochomwa kwa mabomu, wafungwa walikuwa chini ya ardhi, kwenye stoo ya nyama, wakapona. Baadaye walilazimishwa kufukua waliofia kwenye mahandaki ya nyumba. Katika *Slaughterhouse-Five*, iliyotoka Machi 1969, wiki chache tu baada ya hotuba ya kanari, mashimo hayo anayaita migodi ya maiti. Askari anashuka na tochi kwenye giza la mgodi wa kwanza, anarudi kutoa taarifa: kuna makumi ya watu wameketi kwenye mabenchi, hawana alama yoyote. Ndivyo moto mkubwa unavyowaua waliojificha chini, kwa hewa, kama Tylorstown. Mtu aliyeongea na wanafizikia kuhusu kanari na mgodi alikuwa amekwisha kuingia mgodi wa namna hiyo kwa miguu yake.

Ndege yumo kitabuni, ingawa hatajwi ni wa aina gani. Sura ya kwanza inasema baada ya mauaji makubwa hakuna la akili la kusema, kila kitu kinyamaze, na kweli hunyamaza, isipokuwa ndege. Sura ya kumi, ya mwisho, inamtoa Billy Pilgrim, mhusika mkuu, nje vita vikiwa vimekwisha. Miti inachipua. Mkokoteni umeachwa barabarani, wa kijani, wenye umbo la jeneza. Ndege wanaongea, na mmoja anamwambia Billy neno ambalo ndilo neno la mwisho la riwaya.

Wafasiri, neno hilo ni mlio mtupu: Poo-tee-weet. Msilitafutie tafsiri yenye maana, wala msiweke mlio wa njiwa au kunguru tunaoujua, kwa kuwa ndege hao tayari wana hadithi zao vichwani mwa wasomaji wetu. Andikeni kwa herufi zetu, Pu-ti-wiit, na mhakikishe mpiga chapa hasahihishi alama inayofuata. Si nukta, ni alama ya kuuliza. Ndege anauliza, Billy hajibu, na ukurasa unaishia hapo.